Machela Iliyobaki Uani

Zamani, kabla Katoro haijajaa pikipiki na wauza dhahabu, pale njia panda palikuwa na maduka machache ya bati na kibanda kimoja cha nyasi. Ndani ya kibanda hicho alikaa fundi wa baiskeli, mtu mrefu mwenye mabega ya mbebaji, aliyeitwa Mabula Ng'wandu. Alikuwa fundi mzuri. Lakini baiskeli akishaitengeneza hakuipanda kuijaribu kama wafanyavyo mafundi. Aliisukuma kwa miguu mpaka kwenye mwembe wa Mwarabu na kurudi, mkono wa kushoto kwenye usukani, mkono wa kulia nyuma juu ya keria, kiganja wazi, kama mtu anayemzuia mwenzake asianguke. Watoto walimfuata nyuma wakimwigiza. Wakubwa walicheka. Mimi sikuwahi kucheka, kwa sababu nilimjua aliyeketi kwenye ile keria.

Mabula alikuwa wa kwetu, Mwabasabi, kule tambarare kwenye mbuga ya pamba. Alikuwa nsumba ntale wetu, yaani mkuu wa vijana. Siku hizi neno hilo ukilitamka wajukuu wanadhani ni jina la mwanamuziki. Nsumba ntale ndiye aliyewaita vijana kwenye palizi ya mjane, ndiye aliyewaita kuzima moto wa nyika, na asiyefika alitozwa mbuzi, awe mtoto wa chifu au wa kapuku. Na kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa machela.

Nieleze, maana hakuna atakayeeleza nikishakufa. Mimi sikukaa darasani. Nilijifunza kusoma kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, na katika vipande vyote hivyo sijaona mtu aliyeandika habari ya machela.

Mtu akiugua ugonjwa wa kumshinda mganga wa nyumbani, vijana walikata miti miwili ya mkole, mti mwepesi usiovunjika, wakafunga ngozi ya ng'ombe katikati. Wanne walibeba, wanne walifuata kupokezana. Wa mbele alishika tawi bichi. Walipofika kwenye kijito cha mpaka walisimama na kupiga mwano, ule ukelele wa kuita msaada. Kijiji cha ng'ambo kikiusikia, kilinyanyuka. Mtu aliacha ugali mdomoni. Walipofika, wabebaji walisema: huyu ni fulani bin fulani, anaumwa hiki, tumempokea akiwa hivi, njiani amesema haya. Kisha miti ikahama kutoka bega hadi bega bila kugusa ardhi. Na wale wapya nao, mpaka uliofuata, walisema maneno yale yale na kuongeza yao. Hivyo mgonjwa akifa njiani, kulikuwa na midomo mingi ya kueleza jinsi alivyokufa. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua kwamba kifo kinahitaji mashahidi kuliko harusi.

Ndipo pamba ikapanda bei, na baiskeli zikaja.

Ya Mabula ilikuwa nyeusi, yenye taa ya dinamo na pindo za ngozi nyekundu kwenye vishikio. Aliipaka mafuta ya samli. Kwa mara ya kwanza tulimwona mtu mzima akipita mbele ya wazee wa baraza bila kusimama. Alipiga kengele tu, akapungia mkono, akaenda. Kengele haiulizi hali ya nyumbani. Haisubiri kuitikiwa. Lakini wazee wenyewe walicheka, wakasema kijana anakwenda na wakati. Nasi vijana tulitamani kuwa yeye.

Mabula alikuwa na binamu yake, Januari. Mama yake Januari na baba yake Mabula walikuwa mtu na kaka yake. Na kwetu binamu ni mtani. Utani wa sasa ni wa kupigiana simu na kutumiana vikaragosi. Utani wa wakati ule ulikuwa kazi ya kila siku, kama kukamua. Tangu wakiwa wachunga ndama, sijapata kuwasikia wale wawili wakisalimiana kwa heshima. Januari akipita kwa Mabula alisema, "Hujafa tu? Kaburi lako limeshaota majani kwa kungoja." Mabula alimjibu, "Nitakufaje kabla sijamrithi mkeo? Mwanamke mzuri vile kukaa na nyani ni dhambi." Na Euphrasia, mke wa Januari, ambaye kila mtu alimwita Mama Scolastika, alitoka jikoni na mwiko kuwafukuza wote wawili huku akicheka. Mwabasabi nzima ilicheka. Mtu asiyemtukana mtani wake tulimwona mtu mwenye kinyongo.

Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na mbili, mwezi wa Oktoba, wakati nyika imeshaungua na mvua haijaja. Januari alikuwa na mshipa wa ngiri, umeshuka miaka mingi, na alikuwa akiurudisha mwenyewe kwa mkono, kwa siri ambayo kila mtu aliijua. Alfajiri ile mshipa ulishuka ukakataa kurudi. Jua lilipochomoza alikuwa anatapika. Dresa wa zahanati yetu, Valerian, alikuja akambonyeza, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha alitutoa nje.

"Utumbo umekabwa," alisema. "Hili ni la kisu, nami sina kisu. Apelekwe kwa masista, kule mlimani. Leo. Si kesho. Jua likizama akiwa bado hajapasuliwa, msihangaike tena."

Kwa masista kulikuwa juu ya kilima cha Ng'wamagembe, ng'ambo ya machimbo. Kutoka kwetu ungekiona kilima hicho asubuhi kama mgongo wa kiboko. Nusu ya kwanza ya njia ni mbuga, sawa kama mkeka. Nusu ya pili ni kupanda tu.

Mimi na wenzangu watatu tulikuwa tumeshakata miti. Tuliiegemeza uani, tukawa tunatafuta ngozi. Mabula alitokea akisukuma baiskeli.

"Wekeni hiyo," alisema. "Machela italala njiani. Mimi nitakuwa kwa masista kabla jua halijageuka."

Mzee wa baraza, baba mdogo wa Januari, aliushika usukani. "Mabula, mtoto wangu. Mtu habebwi na mtu mmoja."

"Baba, hii si kumbeba. Ni gurudumu linabeba."

"Na mlimani?"

"Mlimani nitasukuma. Shikamoo, baba, muda unakwenda."

Mzee hakuitikia marahaba. Aliachia usukani, akaitazama ile miti miwili, akasema kwa sauti ndogo, "Nsumba ntale ndiye anayeiacha machela." Wala hakuwa amekosea. Lakini Mabula naye, kwa hesabu ya jua, hakuwa amekosea. Machela yetu isingefika siku ile. Hilo ndilo lililonisumbua miaka yote: kwamba sikuona wapi pengine pa kupita.

Tulimpakia Januari kwenye keria juu ya gunia lililojazwa nyasi. Euphrasia akavua kaniki yake ya juu, akawazungushia mumewe na Mabula viunoni, akafunga fundo tumboni mwa Mabula.

"Shemeji, usimwangushe," alisema.

"Nikimwangusha nitakuja kukuoa siku hiyo hiyo," Mabula akajibu, ili amtoe hofu.

Januari alikuwa na rangi ya majivu, lakini mdomo ulikuwa bado wake. "Mwangalieni," alisema. "Miaka yote alitamani kunikumbatia, leo amepata kisingizio."

Tulicheka. Waliondoka. Vumbi likawafunika, na miti ya mkole ikabaki imeegemea pale uani.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho. Mabula alinieleza mwenyewe Katoro, kidogo kidogo kwa miaka mingi, akiwa ameinama juu ya minyororo ya watu. Na mengine niliyasikia kwa njia nitakayoieleza.

Mbugani walikwenda vizuri. Njia ilikuwa ngumu kama sakafu, na baiskeli iliimba. Walipita vijiji kimoja baada ya kingine, na katika kila kijito cha mpaka Mabula alipiga kengele tu akavuka. Watu walipunga mikono kutoka mashambani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatwanga aliwapigia vigelegele: "Bwana na bibi harusi hao!" Mabula alicheka. Ila alinieleza kwamba baada ya kupita pale ubaridi ulimpitia mgongoni, hapo Januari alipokuwa ameegemea. Watu wote wale walikuwa wameona wanaume wawili juu ya baiskeli. Hakuna aliyekuwa ameona mgonjwa.

"Mabula," Januari alisema nyuma yake, "umekuwa mzito wa kukanyaga. Au umezeeka?"

"Ni huo mshipa wako. Tungeukata nyumbani tukawapa mbwa, tungekwenda kwa kasi."

"Mbwa wa kwenu hawali nyama nzuri. Wamezoea mapishi ya mama yako."

Kilima kilikuwa kimeanza kukua mbele yao. Asubuhi kilikuwa cha buluu. Sasa kilikuwa cheusi, nyasi zake zimeungua mpaka kwenye mwamba, na moshi mwembamba ulisimama juu yake bila kupepea, maana hakukuwa na upepo. Mara ardhi ilitetemeka chini ya magurudumu, ikafuata sauti nzito, kama ngurumo iliyozikwa. Ilikuwa baruti ya mgodini. Mabula alilijua hilo. Lakini anasema Januari alishtuka akamng'ang'ania kiuno, na tangu hapo kila ngurumo ilipopita chini ya ardhi, yeye alitoa mlio mdogo, kama wa mtoto wa mbuzi.

Walipoanza kupanda, baiskeli ikawa kitu kingine. Mtu aliyezaliwa kwenye tambarare haelewi kilima mpaka awe na mzigo. Kwanza Mabula alisimama juu ya pedali, akakanyaga kwa uzito wote, akaenda kwa kuyumba kama mlevi. Kisha mnyororo ukachomoka. Aliurudisha, ukachomoka tena. Akashuka, akasukuma. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia nyuma kumzuia Januari, kwa sababu Januari sasa alikuwa akiteleza kurudi nyuma kila njia ilipoinuka. Changarawe nyekundu ziliviringika chini ya miguu kama punje za mahindi. Mbung'o walikaa shingoni mwake, naye hakuwa na mkono wa kuwafukuza. Akipumzika, ilibidi ashike breki kwa nguvu zote, na kupumzika huko kulichosha kuliko kwenda. Baiskeli aliyoipaka samli, aliyoilaza ndani ya nyumba, sasa ilikuwa mgonjwa wa pili.

Jua lilikuwa limeshageuka walipofika Buyombe, kijiji cha mwisho kabla ya machimbo. Hapo walikaa Wazinza wenyeji, na watu wengi wa kuja: waliofuata dhahabu kutoka kila pembe ya nchi, Waislamu na Wakristo, na wanawake waliopika pombe kuwauzia. Mabula alisimamisha baiskeli mbele ya nyumba ya mkuu wa vijana wa pale, mtu mfupi aliyekuwa akichonga mpini wa jembe. Jina lake Sabiti.

"Hodi hapa. Naomba watu wa kubeba," Mabula alisema. "Nina mgonjwa."

Sabiti alimtazama. Akatazama baiskeli. Akamtazama Januari, aliyelaza shavu juu ya tandiko. "Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu."

"Nani alikukabidhi?"

"Nimetoka naye nyumbani, Mwabasabi."

"Mwabasabi?" Sabiti alisimama. Watu walianza kusogea. "Umevuka vijiji vyote vya mbugani, na hakuna kijiji kilichompokea? Hakuna hata mmoja anayejua alikuwaje alipopita?"

"Nilikuwa na haraka. Ndugu yangu, nami ni nsumba ntale. Naijua sheria. Lakini tazama jua."

"Kama unaijua, mbona umekuja na kengele?" Wachache walicheka, cheko baya. Sabiti hakucheka. "Nikimgusa huyu akafia mkononi mwangu, nitawaambia nini watu wa kwao? Kwamba nilimpokea kwa nani? Kesi hiyo italala na watoto wangu. Basi aseme mwenyewe. Mgonjwa! Huyu ni nani kwako?"

Januari akafungua macho. Aliona watu, na siku zote Januari alipoona watu wamekusanyika hakuweza kujizuia. Mabula anasema alimwona akikusanya nguvu kama mtu anayechota maji kisimani, akadhani atajibu vema.

"Huyu?" Januari alisema, sauti ikatoka kubwa. "Huyu ndiye mwuaji wangu. Mtazameni vizuri. Ananipeleka mlimani anitupe, arudi akamchukue mke wangu."

Na Mabula, nchi nzima ikiwa imemwelemea, alipoisikia ile sauti aliyoizoea, alifurahi. Alifurahi kwamba mwenzake bado ni mzima kiasi cha kutukana. Mdomo ukajibu kabla ya akili, kama ulivyojibu maisha yake yote:

"Basi kufa upesi, mkeo ananingoja."

Mwabasabi wangeanguka kwa kicheko. Buyombe hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyeshika mtungi alirudi nyuma. Mwingine akawavuta watoto ndani. Mabula aliyaona macho yakibadilika, moja moja, akaanza kupiga kelele: "Ni utani! Ni binamu yangu! Mama yake ni shangazi yangu! Januari, waambie!" Lakini Januari alikuwa ameshamaliza maji yake yote ya kisimani. Shavu lilikuwa limerudi juu ya tandiko, macho yamefungwa, na kwenye pembe ya mdomo kulikuwa na tabasamu dogo la mtu aliyesema jambo zuri.

"Mtu anayekufa hatanii," Sabiti alisema. "Pita, bwana. Njia ni hiyo. Sisi tumesikia tulichosikia."

Akapita. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemsaidia, na mbwa walimsindikiza mpaka mwisho wa mashamba.

Sehemu ile ya mwisho ndiyo aliyoieleza mara chache kuliko zote. Njia ilikuwa imechimbwa na mifereji ya mvua za zamani, na pande zote mbili palikuwa na mashimo ya wachimbaji, mengine yameachwa, midomo wazi. Miti ilikuwa imekatwa yote kwa ajili ya kuegemeza migodi. Hapakuwa na kivuli. Alisukuma, akasimama, akasukuma. Alimfunga Januari upya kwa ile kaniki, sasa kifua juu ya tandiko, kwa sababu kuketi kulikuwa kumeshindikana. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma.

Alipoona hawezi tena, alifanya kile alichopaswa kukifanya tangu asubuhi. Alisimama, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano. Aliupiga kwa kifua chote, kama alivyoupiga miaka yote akiwa mkuu wetu, na sauti yake naijua: ilikuwa ikiwatoa watu kitandani ng'ambo ya mto.

Kwenye mabanda ya wachimbaji mlango mmoja ulifunguka. Mtu akachungulia, akaufunga. Wale walikuwa wa makabila mengi, na kila mmoja kwao pengine walikuwa na ukelele wao, huu hawakuujua. Akapiga tena. Na kutoka juu ya kilima king'ora cha mgodi kikamjibu, kirefu, kikali, cha kubadilisha zamu. Kilipokwisha, hakuna mlango mwingine uliofunguka.

"Umesikia, nyani wewe?" Mabula alisema, kwa sababu alitaka kusikia tusi. "Hata chuma kinakucheka."

Akasukuma, akajaribu tena.

"Nitamwoa mkeo kweli. Nitaanza kwa kuchinja ule mtamba wako mwekundu."

Walikwenda hatua kadhaa. Bati za hospitali zilikuwa zimeanza kung'aa juu, kati ya mikaratusi. Hazikuwa mbali. Mtu asiye na mzigo angefika kabla ya kumaliza kiko cha tumbaku.

"Mabula," Januari alisema.

"Sema, maiti."

"Asante, ndugu yangu. Umechoka sana kwa ajili yangu. Pumzika kidogo."

Mabula alinieleza kwamba aliisimamisha baiskeli pale pale. Tangu wakiwa watoto wasiovaa nguo, Januari hakuwahi kumwita ndugu yangu. Hakuwahi kumwambia asante, hata alipomvuta kutoka mtoni. Mtani anapokuheshimu amekwisha kuvuka. Mabula alianza kumtukana kwa kila tusi alilolijua, la mama, la babu, la ukoo, akilia na kusukuma, akilia na kusukuma, na mgongoni mwa baiskeli hakukuwa na tusi lililorudi.

Alifika kwa masista jua likiwa bado juu ya miti. Sista mzee wa Kizungu alimgusa Januari shingoni, akaifungua kaniki kwa mikono yake mwenyewe, akaikunja vizuri, akampa Mabula.

Habari tuliipata kwa dereva wa lori la pamba. Kulipopambazuka tulifunga ngozi kwenye ile miti ya mkole iliyokuwa imebaki uani, tukaondoka na machela tupu kwenda kumchukua. Tulimkuta Mabula ameketi nje ya chumba cha maiti, baiskeli imelazwa pembeni. Tulimweka Januari juu ya machela. Mabula akasogea ashike mti wa mbele, mahali pa nsumba ntale. Mimi nilimwachia. Lakini tulipofika Buyombe, tukapiga mwano na tawi bichi mkononi, kijiji kizima kilinyanyuka.

Ndiyo, kilinyanyuka. Wazinza na watu wa kuja, wote. Tulikuwa tumekuja kwa utaratibu. Sabiti mwenyewe aliweka bega chini ya mti, na alipofika kwa Mabula alimwambia kwa upole kabisa, "Wewe kaa nyuma, bwana." Wakambeba Januari kama yai. Kwenye mpaka wa chini wakapiga mwano, mbuga ikaitika, na kabla miti haijahama Sabiti alisema yale yanayopaswa kusemwa: "Huyu ni Januari wa Mwabasabi. Jana alipita kwetu akiwa hai. Tulimwuliza aliye naye ni nani, akajibu mbele ya watu: huyu ndiye mwuaji wangu, anataka mke wangu. Na huyo aliye naye akajibu: kufa upesi, mkeo ananingoja. Nimesema nilichosikia."

Mabula alipiga kelele kwa nyuma kwamba ni utani. Sisi nasi tulisema ni binamu yake. Lakini maneno ya machela hayabishaniwi njiani, hubebwa. Kijiji cha pili kiliyapokea pamoja na maiti, kikayakabidhi kwa cha tatu, na cha tatu kwa cha nne. Miti haikugusa ardhi hata mara moja. Sijapata kuona machela iliyokwenda vizuri namna ile. Na katika kila kijito nilisikia yale maneno yakizidi kunyooka, yakipoteza sauti ya Januari, mpaka yalipofika kwetu hayakuwa tena na kicheko ndani yake. Mabula alikuwa nyuma kabisa, akisukuma baiskeli yake, na mkono wa kulia ulikuwa tayari juu ya keria.

Baada ya maziko baraza likakaa. Wazee waliujua utani wao. Nina hakika wote waliujua. Lakini watu wa vijiji vyote vya mbugani walikuwa wamelileta neno, na neno lililoletwa hivyo haliwezi kumwagwa kama maji machafu. Basi wakamwita Euphrasia, kwa kuwa ndiye aliyetajwa.

"Mama Scolastika," mzee alimwuliza, "mumeo na huyu, ulikuwa utani au kulikuwa na jambo?"

Alikaa chini, kichwa kimenyolewa, amejifunga ile kaniki. Mabula alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Kila mtu alikuwa akimtazama. Sasa fikiria: akimtetea sana Mabula, watasema ndiyo yule aliyekuwa akimngoja. Alikuwa na binti wa kulea na shamba la marehemu.

"Walitaniana tangu zamani," alisema. Akaivuta kaniki mabegani. "Lakini huko njiani mimi sikuwako."

Hapakuwa na hukumu. Hakuna aliyemtoza hata kuku. Ila tangu siku ile hakuna aliyemtania Mabula, hata watani wake waliobaki. Walimwamkia kwa heshima, wakamwitikia kwa heshima, wakapita. Aliyechaguliwa kuwa nsumba ntale mahali pake hakuwa na kazi kubwa, maana baiskeli zilikuwa zimeongezeka, na baadaye magari, na wagonjwa walianza kupita vijijini bila kutambulishwa kwa mtu. Mvua zilipoanza Mabula aliondoka, akisukuma.

Vijana wa leo nikiwasimulia wananiambia: mzee, angekuwepo bodaboda, yule mtu angepona. Inawezekana. Wanavuka mito yote kwa dakika na hawajui jina la hata mmoja. Mimi sibishani nao, maana machela nayo nimeshawaeleza ilichofanya.

Mara ya mwisho nilipokwenda Katoro alikuwa hawezi tena kuona vizuri. Alipapasa spoku kwa vidole. Tulikaa. Akaniuliza habari za nyumbani, nikampa. Kisha, akiwa ameinamisha kichwa juu ya gurudumu, akauliza kitu ambacho hakuwahi kuuliza.

"Ile miti. Asubuhi ile, mlikuwa mmeshaikata?"

"Tulikuwa tumeshaikata. Ilikuwa uani. Uliiona."

"Niliiona," alisema. Alizungusha gurudumu, akalisikiliza, akalisimamisha kwa kiganja. "Nitukane, basi."

Nilifungua mdomo. Mimi si binamu yake. Mimi si mtani wake. Nilitafuta tusi dogo tu, lolote, kwa ajili ya mtu mzee, na halikuja.

"Shikamoo, kaka," nikamwambia, nikaondoka.